Mwanga Usio na Rangi

Jumanne, tarehe kumi na mbili Machi 2024, taa ndogo nyekundu ya mashine ya kuchapa tarehe kwenye paketi za majani chai haikuwaka, na Okeyo akaamini kwamba mashine imelala. Alifungua kifuniko, akainama kupangusa vumbi la chai kwenye lenzi. Hakuona chochote. Hakuhisi maumivu. Alisikia tu mlio mdogo ndani ya kichwa, kama ganda la njugu linalopasuka mbali, kisha doa la kijivu likatua katikati ya jicho lake la kulia na kukataa kuondoka.

Jicho la kushoto lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho tangu zamani. Sasa kila alichokikodolea kilimezwa. Picha ya marehemu mkewe, Beldina, ilining'inia ukutani bila uso. Akitaka kumwona ilimbidi autazame mlango, na hapo Beldina hujitokeza taratibu kandoni mwa macho, kama vilima vya Kericho ukungu unapopanda kutoka mashamba ya chai. Akimgeukia, hutoweka. Hivyo Okeyo akajifunza kumpenda mkewe kwa kutomtazama.

"Wakubwa," alizoea kusema, akilitema neno hilo kama chai iliyochacha. Wakubwa ndio waliofunga zahanati ya kambi ya wafanyakazi Beldina akiwa kitandani na kifua chake. Wakubwa ndio waliobandika sumaku kwenye swichi ya kifuniko, ili mashine isijizime kikifunguliwa, kazi isije ikasimama. Na nani aliwahi kuwaeleza wafanyakazi kwamba ile taa nyekundu ni ya kuonyesha shabaha tu, na kwamba leza yenyewe, ile inayochoma maandishi, haionwi na jicho la binadamu? Daktari wa macho ndiye aliyemwambia, maji yakiwa yamekwisha kumwagika. Okeyo akaapa kutokanyaga tena kiwandani.

Kisha bintiye, Molly, aliyekuwa akifungasha katoni huko huko, akahamishiwa kwenye mashine ile ile.

"Baba, usianze," alisema jioni hiyo, mvua ya mawe ikipiga mabati.

"Sijaanza. Nimeuliza tu kama kifuniko kinafungwa."

"Msimamizi Kiplimo anasema tukifunga tunachelewa. Na mimi si mtoto. Nikiona nyekundu, nakwepa."

"Na usipoiona?"

"Basi imezimwa."

"Molly, kinachochoma hakionekani."

Msichana alicheka, si kwa ubaya. "Mwanga usioonekana? Hiyo peleka kwa sungura na fisi. Kiplimo anasema lako lilikuwa jicho la uzee."

Okeyo alikwenda kulala. Usingizini aliwaona watu wakichuma majani meupe, na kila aliyeinuka hakuwa na uso.

Asubuhi alikuwa langoni mwa kiwanda. Afisa mpya wa usalama, Tecla Chepngetich, alitoka kumlaki.

"Chamgei, mzee."

"Sikuja kusalimiwa. Nimekuja kumchukua mtoto wangu."

"Ukimchukua, kesho wataleta mtoto wa mwingine. Wafanyakazi hawaniamini, mzee. Ingia unisaidie."

"Wewe nawe ni mkubwa."

"Mkubwa gani? Hata kiti bado sijapewa."

Okeyo alikaribia kutabasamu, na jambo hilo likamuudhi. Lakini aliingia.

Tecla aliing'oa sumaku mbele ya wote, akaizima taa nyekundu, akafunga kifuniko, akawasogeza wafanyakazi nyuma ya kioo cha kijani cha kukinga macho. Kiplimo, msimamizi, alisimama kando na kofia yake mkononi. Paketi moja ikateleza ndani.

"Mnaona mwanga?" Tecla aliuliza.

"Hakuna," walisema.

Hakuna. Hata cheche. Lakini juu ya karatasi ya paketi, yenye rangi ya fedha, herufi zilianza kuota, moja baada ya nyingine, na uzi wa moshi ukapanda, kana kwamba kuna aliye upande wa pili wa dunia anayeandika polepole, bila haraka ya kusomwa. Ngurumo ya vikaushio ikawa mbali, kama mto wa usiku.

Molly hakucheka. Alikuja akasimama ubavuni mwa babake, bega kwa bega, akamshika mkono wa koti. "Mimi hapo sirudi kifuniko kikiwa wazi," alimwambia Kiplimo. "Unifukuze ukitaka."

Okeyo alikuja na matusi kinywa tele, ameyapanga tangu Machi. Akayatafuta, hakuyapata. Kandoni mwa doa lake aliona safu ya watu, na mmoja mmoja walikuwa wakifumba jicho hili, wakifumbua lile, wakijipima kimya kimya.

Nyagaka, aliyefanya kazi kwenye mashine hiyo kabla ya Okeyo, aligusa kope lake kwa ncha ya kidole.

"Kiplimo," alisema kwa upole, "sisi sote tulikuwa tukifuta vumbi hapo. Ile taa ilikuwa imekufa tangu lini?"