Mikono ya Gauni la Mwalimu

Nimechoka kusema. Miezi saba namfundisha mpwa wangu kushona, na miezi saba nimegeuka redio: pima mara mbili, usifiche kosa, pima mara mbili, usifiche kosa. Anaitika "sawa, Mjomba," masikio yake yako likizo. Kwa mbio zake, wateja wamembandika jina: Umeme.

Humu dukani kuna sheria moja tu. Anayeficha kosa kwa mteja anasalimisha mkasi wake wiki nzima, anabaki kufumua nyuzi kwa wembe. Umeme keshasalimisha mara tatu. Juzi nilimrudishia, na tangu hapo haubanduki mkononi.

Leo gauni la mwalimu lilikuwa limepigwa pasi, linaning'inia. Nikaligeuza, nikaganda. Mkono wa kulia umeshonwa kushoto, wa kushoto kulia.

"Umeme!"

"Abee, Mjomba."

"Hii nini?"

Akatazama. "Mama yangu!"

"Mama yako ni dada yangu, na yeye angepima! Mwalimu ana usaili kesho asubuhi. Akinyoosha mkono kusalimia tu, mgongo wote unavutwa!"

Sijamaliza kufoka, mwalimu huyo mlangoni, saa nzima kabla ya miadi.

"Fundi, tayari?"

Sijui nilipatwa na nini. Labda ni jina langu kwenye kibao pale juu, kwa herufi nilizozichora mwenyewe. Miaka mitatu hakuna aliyenirudishia nguo.

"Tayari kabisa, Mwalimu," nikasema, nikaanza kulikunja.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema Umeme. Mkasi wake kaubana kifuani. "Si tayari. Mikono nimeigeuza mimi. Naomba nusu saa."

Mwalimu hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, na macho yale yaliniunguza kuliko pasi.

"Marahaba, binti. Nasubiri," akasema, akakaa kwenye benchi.

Nikamgeukia mpwa wangu nimkaripie. Nikakuta kiganja chake kimekunjuliwa mbele ya pua yangu.

"Unataka nini?"

"Mkasi, Mjomba. Wiki nzima."

"We mtoto, we!"

"Sheria umeitunga wewe."

Miezi saba hasikii hata neno moja, kumbe alikuwa anasikia yote! Nikampa mkasi wangu. Nikachukua wembe, nikauvuta mkono wa kushoto wa gauni, nikaanza kufumua.

"Polepole, Mjomba," akasema. "Utakata kitambaa."