Pembe Tupu

Pembe ya chini kushoto ya bodi hii ya kielektroniki haina kitu. Ni rangi ya kijani tupu, mahali ambapo palitakiwa kuwa na herufi mbili za shaba. Nimeiweka kwenye droo yangu kwa miaka kumi na minne, na kila nikiitazama hasira yangu huamka upya. Sijaona sababu ya kuituliza.

Kwenye karakana yetu ya mjini Niš, aliyechora bodi huandika pale herufi za kwanza za majina yake. Desturi hiyo tuliirithi kiwanda cha zamani cha serikali kilipofungwa, pamoja na viti vyake na Mama Stojanka, fundi wake wa kulehemu. Kila mara, kabla ya kuwasha pasi yake ya kulehemu, Mama Stojanka aliifuta pembe ile kwa pamba yenye spiriti, akasoma, akasema, "Ya Senka hii." Ndipo kazi ikaanza.

Senka ni mimi. Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na sita, bado niko kwenye majaribio, na nilikuwa nimepewa bodi ya kamera ya kivuko cha reli. Dereva wa treni alitakiwa aone kutoka mbali kama kuna trekta limekwama relini.

Picha hiyo husafiri ndani ya bodi kwa njia mbili za shaba zinazokwenda sambamba. Ni kama watu wawili wanaoshusha kabati kwenye ngazi: mmoja akitangulia, kabati linawaponyoka. Kwa hiyo kabla sijachora hata mstari mmoja, nilifungua ukurasa wa kanuni kwenye programu ya kompyuta ya kuchorea. Nikaandika kwamba nafasi kati ya njia hizo iwe ileile mwanzo hadi mwisho, na urefu wao usitofautiane zaidi ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukivunja kanuni, programu inapaka mahali hapo rangi nyekundu. Nilichora wiki tatu hadi nyekundu ya mwisho ikafutika, nikaandika S.T. pembeni, nikatembea kwenda nyumbani kwa madaha.

Alhamisi moja ya Septemba, mji mzima ukinuka pilipili hoho za kuchoma, mteja akabadilisha boksi la kuwekea bodi. Soketi ya kamera ikabidi ihamie upande wa pili. Nilipotoka kununua burek, andazi la nyama, bosi wetu, Injinia Vukašin, alikaa kwenye kiti changu, akaihamisha soketi na kuzivuta njia zangu kama mtu anayefunga kamba ya kuanikia nguo. Niliporudi skrini ilikuwa safi, haina nyekundu hata moja.

"Umezisawazisha zote?" nikamuuliza.

"Mashine imekubali. Kesho mchana inakwenda kiwandani kutengenezwa."

Nikaiweka burek mezani, nikafungua ukurasa wa kanuni. Pale nilipoandika moja ya kumi palikuwa na kumi. Milimita kumi nzima.

"Hujazisawazisha, Injinia. Umeiziba mdomo mashine."

"Binti, usinifundishe kazi. Nimeanza kuchora bodi wewe bado unanyonya."

"Basi unajua kabisa kwamba picha itakatika. Nipe siku tatu."

"Siku tatu sina. Nina kesho tu."

Nikachukua kipanya, nikarudisha moja ya kumi. Skrini ikajaa nyekundu mahali ishirini na tatu. Nilizihesabu kwa sauti ili azisikie. Akaninyang'anya kipanya, akaandika kumi tena.

Niliogopa, sitadanganya. Mama yangu alikuwa ameshautangazia mtaa mzima kwamba bintiye ni injinia, na mkataba wa kudumu ulikuwa unangoja sahihi ya mtu huyuhuyu. Lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga. Nikakiomba kipanya kwa adabu, nikashuka hadi pembeni, nikazifuta herufi zangu.

"Unafanya nini?"

"Natoa jina langu. Kama bodi iko sawa, weka la kwako."

Kishale kilisimama juu ya pembe ile. Vukašin akaifunga programu bila kuandika chochote, akasema huku akitazama dirishani, "Mkataba mpya usiutegemee."

Ule wa zamani ulikuwa umebakiza wiki mbili, na nilikusudia kuzimaliza zote. Nilifika kabla ya wenzangu, nikanywa kahawa yangu taratibu mbele yake, nikamwamkia kila asubuhi kwa cheo na jina. Kama alitaka niondoke nimeinamisha kichwa, angengoja sana.

Siku ya kumi na mbili bodi zikarudi kutoka kiwandani. Mama Stojanka akachukua ya kwanza, akalowesha pamba, akafuta pembe. Akafuta tena. Akasogeza lenzi.

"Hii ya nani?"

Akamgeukia bosi wetu.

"Vukašin, nakuuliza wewe. Hii ya nani?"

"Ya kampuni, mama. Wewe lehemu tu, mteja anangoja."

"Kampuni haina mikono." Akaichomoa pasi yake ukutani. "Sijawahi kulehemu bodi isiyo na mwenyewe, na sianzi leo. Andika jina lako hapo, hata kwa kalamu, halafu uone kama nitakuchelewesha."

Akamsukumia kalamu. Vukašin aliishika, uso umemwiva. Aliitazama pembe, akanitazama mimi, na hapo nikatambua kwamba alikuwa anajua ubovu wa bodi tangu Alhamisi ile. Iliniuma zaidi kuliko kama angekuwa hajui.

Akairudisha kalamu mezani. Akampigia mteja simu, akaomba wiki mbili zaidi, akatukanwa, akavumilia. Kisha akakaa kwenye mashine yangu, akafungua ukurasa wa kanuni.

"Ilikuwa ngapi?"

"Unaijua."

Akaandika moja ya kumi kwa mkono wake. Nyekundu zikarudi zote ishirini na tatu. Akainuka, akanivutia kiti.

"Kaa, Senka."

Kwetu herufi huandikwa mwisho, kazi ikishakamilika. Nilikaa, na kabla sijagusa njia hata moja nilishuka hadi pembe ya kushoto, nikaandika S.T., mara mbili ya ukubwa wa kawaida, yeye akiwa bado amesimama nyuma yangu.