Boya la Saba

Kwa miaka kumi na tisa kazi yangu imekuwa kuhamisha maboya. Boya ni dude la chuma linaloelea baharini, limefungwa kwa mnyororo kwenye jiwe la saruji huko chini, na linamwambia nahodha: pita huku, kule kuna mchanga. Sasa katika mlango wetu wa bahari mchanga haukai mahali pamoja. Fungu la mchanga ambalo leo liko hapa, ikipita dhoruba moja utalikuta mita mia mbili kule. Basi natoka na mashua ya winchi, napima kina, nahamisha boya, narudi kula.

Kwa sheria, kila nikihamisha boya natakiwa kujaza tangazo la mabaharia. Tangazo hilo lina safari ya ofisi tatu, na katika kila ofisi mhusika ametoka kidogo. Likija kutangazwa, miezi miwili imepita na fungu limeshahama tena. Kwa hiyo mimi na shemeji tuliacha kusubiri karatasi.

Shemeji alikuwa rubani wa meli upande wa pili wa mlango, katika nchi ya jirani. Alimwoa mdogo wangu wa kike, kitinda mimba wa mama yetu. Mkondo wa kupitia meli ni mmoja, unatumiwa na nchi zote mbili, na kwa makubaliano ya zamani maboya yote tuliyatunza sisi. Mwanzoni nilikuwa nampigia simu: "Shemeji, la saba nimelisogeza mashariki." Baadaye hata simu nikaacha. Akiliona boya limehama alijua fungu limehama, basi, yamekwisha. Akawafundisha na wenzake: ramani ni ya mwaka juzi, boya ni la jana, fuateni boya. Mdogo wangu alikuwa akitutania kwamba tuliooana ni sisi wawili, yeye ni shahidi tu.

Ugomvi ulianzia kwenye saruji. Serikali yetu ilisema mifuko ya jirani haifiki kilo hamsini, ikaipandishia ushuru. Wao wakasema vitunguu vyetu vina wadudu, wakavizuia bandarini hadi vikaoza. Ushuru wao redio yetu iliuita uchokozi, wetu ikauita hatua. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Kisha boti yetu ya forodha ikakamata meli yao ya saruji kwa kuwa karatasi zake zilikosa muhuri mmoja. Wao wakakamata mbili zetu, wala hawakujisumbua kutafuta sababu. Kufikia mwezi wa sita kila meli ya mizigo ilisindikizwa na manowari, na manowari zikipishana katika ule mkondo mwembamba zilikuwa zikitunishiana vifua kama majogoo. Ningeulizwa mimi, ningewafungia mawaziri wote wawili katika chumba kimoja na mzani na mfuko mmoja wa saruji. Hakuna aliyeniuliza.

Simu za kuvuka mlango zilikatwa. Mara ya mwisho nilipoongea na mdogo wangu aliniambia mumewe amepewa likizo, maana jeshi lao la majini limeleta marubani wake lenyewe. Moyo wangu ulitua.

"Mfungie ndani," nikamwambia. "Apike."

"Akipika yeye, kaka, hivyo vita tutavianza sisi humu ndani."

Wiki mbili baadaye luteni mmoja wa jeshi letu la majini aliingia karakana na karatasi mkononi. Boya la saba lisogezwe mita mia tatu magharibi, juu ya fungu lenyewe.

"Hapo kina ni mita mbili," nikamwambia.

"Ndiyo maana."

"Hata meli zetu zitakwama."

"Zetu zimeshaambiwa."

Nilitaka kukataa. Nasema kweli, nilitaka, lakini si kwa nguvu. Nilijiambia kwamba marubani wa jeshi ni watu wa ramani. Watakapoona boya na ramani havisemi kitu kimoja watasimama, watatukana, watageuza. Anayeamini boya kuliko ramani yuko nyumbani kwake anaunguza chakula. Nikawasha winchi.

Kesho yake saa tatu asubuhi, jua limeshawaka, nilikuwa karakana nakunywa chai. Luteni alikuwa ameketi juu ya rundo la minyororo. Redio ya bandari ilikuwa mezani, ile ambayo kila chombo kilichomo mkondoni huisikia. Manowari zao mbili zilikuwa zinaingia. Nahodha wa ile ya nyuma akasema kwa ramani yake boya la saba haliko mahali pake, naye anaona bora wasimame.

Jibu lilitoka manowari ya mbele. Sauti niliijua kabla haijamaliza neno la kwanza.

"Usisimame. Ramani hiyo imepitwa. Fungu limehama, na boya limehamishwa. Anayehamisha maboya ni shemeji yangu. Nifuate."

Nilikichukua kipaza sauti cha redio. Kidole gumba kilikuwa juu ya kitufe, na maneno yaliyotakiwa yalikuwa mawili: shemeji, simama. Luteni hakutoa bastola. Watu hupenda kuniuliza hilo. Alisema tu, kama mtu anayeomba apewe chumvi, "Ukibonyeza hapo ni uhaini. Una watoto wangapi?"

"Watatu," nikamjibu, nikakirudisha kipaza sauti mezani.

Toka hapo mpaka manowari ya mbele ilipopwelewa zilipita dakika nne. Dakika nne ni nyingi. Nilizikaa zote nikitazama kitufe, luteni naye akinitazama mimi.

Ilikwama mchangani na kulala ubavu, upande wetu wa mstari wa mpaka. Sisi tukasema wamevamia. Wao wakasema wametegwa, na katika hilo walisema kweli. Nani alifyatua kwanza haijulikani hadi leo, kila nchi ina kitabu chake, lakini kombora la kwanza liligonga chumba cha usukani, ambamo rubani husimama. Kufikia adhuhuri redio za nchi zote mbili zilikuwa zinapiga nyimbo za jeshi. Mimi nililetewa barua ya pongezi.

Vita vilichukua miezi kumi na minne. Mkataba ulisema ushuru wa saruji urudi ulivyokuwa, vitunguu vipite, na mifuko ipimwe mbele ya pande zote mbili. Ulikuwa na kurasa sita. Niliusoma wote kwa mkao mmoja, nikatukana mpaka mke wangu akanifungia dirisha.

Mdogo wangu alikuja na feri ya kwanza, peke yake, amekonda. Mke wangu alimkumbatia wifi yake, akamtengea chakula. Hakukigusa. Aliketi mkabala na mimi.

"Kaka, sijaja kulia. Siku ile wanajeshi walimfuata nyumbani alfajiri. Marubani wao waliuogopa mkondo, yeye akasema maboya anayajua. Habari ya boya ninayo. Uliamriwa, na wewe ni mtu wa serikali. Hilo nimekusamehe, na nimevuka maji nije nikwambie kwa mdomo wangu. Nina swali moja tu. Walionusurika wanasema aliongea redioni, akakutaja. Ulimsikia?"

Mke wangu alinikazia macho. Alitaka niseme redio ilikuwa imezimwa, na ningeweza kusema hivyo. Lakini mtu wa nyumba ile nilikuwa nimeshampotosha mmoja.

"Nilimsikia," nikasema. "Kipaza sauti nilikuwa nacho mkononi."

Hakupiga kelele. Alichukua mkoba wake, akamuaga wifi yake kwa adabu, akamshukuru kwa chakula. Mlangoni aligeuka.

"Siku nikifa, kaka, usije kunizika. Na wewe ukifa sitakuja."

Feri ya kurudi ilikuwa ya saa kumi. Alikwenda kuisubiri gatini tangu saa saba.