Chuchu Nne, Damu Moja

1.

Usishangae namba zikiruka. Daftari la mikutano la Kikundi cha Wafugaji Lupelele, huku Rungwe, lililowa maziwa siku ya Ijumaa, saa tatu na nusu asubuhi, mbele ya wanachama wote, na wino wa bluu haukufanya ubishi. Mimi ndiye katibu, Lugano. Kurasa nimezianika kwenye kamba ya nguo. Zilizosomeka nimezinakili kwenye daftari hili jipya. Kwa zisizosomeka nimewauliza waliokuwepo, nao walisema zaidi ya nilivyouliza.

Mmoja wa niliowauliza ni ng'ombe. Utanivumilia.

2. TANGAZO
(lilibandikwa mlangoni mwa kituo cha maziwa, Jumatano)

KWA WANACHAMA WOTE KUMI NA MMOJA. Mnataarifiwa kwamba mtindi wa kituo umekataa kuganda Jumatatu, Jumanne na leo. Kamati imeketi. Kamati imeonja. Kamati imesikitika. Endapo hadi Ijumaa hii mtindi hautakuwa umeganda, sufuria kubwa, mwiko na ufunguo wa jiko vitachukuliwa kutoka kwa Bi. Tupokigwe (Mama Sekela) na kukabidhiwa mtu mwenye mkono

(hapa wino umetoka)

Sahihi: Ambakisye Mwakipunga, Mwenyekiti.

3. YALIYOSIKIKA KWENYE FOLENI YA NDOO

— Labda siku hizi haoshi sufuria.
— Haoshi? Yule anaosha hata kuni.
— Basi anaosha mno. Sabuni inabaki ndani.
— Mimi nasema ni tangu arudi msibani Kyela. Mtu akitoka msibani asiguse mbegu ya mtindi.
— Nani kasema?
— Watu.
— Watu gani?
— Hebu sogea, ndoo yako inavuja.

5.

(Ya nne imelowa yote. Nakumbuka ilikuwa dua ya kufungua kikao.)

MAMA SEKELA. Nimemwandika kama alivyosema, jikoni, akiwa amenipa mgongo:

Mbegu hii nilipewa na mama mkwe siku ya tatu baada ya harusi. Kabla hajanipa kanga alinipa kibuyu. Akasema, nyumba inaweza kukosa chumvi, isikose mbegu. Kila siku nachota kijiko cha mtindi wa jana naweka kwenye maziwa ya leo, kesho nachota cha leo, ndivyo tulivyofika miaka thelathini na moja. Yeye amekufa, mbegu yake ipo. Nachemsha maziwa, napoza mpaka kidole kivumilie, naweka mbegu, nafunika blanketi. Sijabadilisha kitu. Unanisikia, katibu? Andika. Sijabadilisha kitu.

Siku tatu namwaga. Kibuyuni imebaki mbegu ya vijiko kumi na moja, nimehesabu mara mbili. Ikiisha hiyo, sufuria wachukue tu, haitakuwa na maana. Nitakuwa nimemzika mama mkwe mara ya pili.

(Mimi nikajifanya naangalia kuni.)

6. HOBOKELA, AFISA MIFUGO WA KATA, ANAKUMBUKA

Nilipita Jumatano alasiri kuwanywesha ndama dawa ya minyoo.

— Shikamoo, Mama Sekela.
— Marahaba, daktari. Njoo uone aibu yangu.

Nikainama, nikanusa. Ajabu ni kwamba maziwa hayakuwa yameharibika. Maziwa ya uchafu yangechacha, yangenuka. Haya yalikuwa yamekaa tu tangu jana, matamu, kana kwamba hakuna aliyeyagusa.

— Mama, ile mbegu yako ni vijidudu hai. Ndivyo vinavyogandisha.
— Mbegu ya mama mkwe wangu siyo mdudu!
— Ni vijidudu vizuri, mama.
— Vizuri namna gani?
— Vinafanya kazi usiku kucha wala haviombi posho.
— Hapo sawa. (Akakaa kwenye kigoda.) Sasa nani anaviua?

Mkononi nilikuwa na sanduku la dawa. Akalitazama. Nami nikalitazama.

7. VILIVYOKUWA NDANI YA SANDUKU

dawa ya minyoo, ya kunywesha
dawa ya kupe, ya kuogesha
dawa ya ndigana, ile homa ya kupe, ya sindano (omba usiihitaji)
dawa ya maumivu na homa
kalsiamu, kwa ng'ombe aliyezaa akashindwa kusimama
antibiotiki ya sindano
antibiotiki ya ugonjwa wa kiwele: kibomba kidogo cha plastiki, huingizwa kwenye tundu la chuchu na kuminywa

            hiki

8. KIBOMBA KINAJITETEA

Sina ugomvi na mtu. Ndani yangu mna penisilini, na kazi ya penisilini ni moja: bakteria akijenga ukuta wake, mimi nabomoa. Siulizi kama ni bakteria wa kiwele au wa mtindi. Wote kwangu ni mafundi wa ukuta. Unichemshe jikoni, nitatoka salama. Unaniingiza kwenye chuchu ya nyuma kushoto, unadhani nitakaa humo humo kama mgeni aliyeambiwa asitoke sebuleni. Mimi naingia kwenye damu. Nazunguka nyumba nzima. Niache tu siku zangu ziishe, nitaondoka mwenyewe bila kufukuzwa. Yote hayo yameandikwa kwenye karatasi ninayokuja nayo.

Karatasi hiyo

            husomwa

                        na nani?

9.

Alhamisi asubuhi Mama Sekela alisimama mlangoni mwa kituo, mikono kiunoni, na vikombe kumi na kimoja vya bati mbele yake.

— Leo hakuna kumimina kwenye debe kabla sijapata kikombe cha kila mtu.

Watu wakanung'unika, lakini walimimina. Mwenyekiti akapima wa kwanza, kama kawaida yake. Kikombe chake kikaandikwa kwa mkaa: 1. Wengine wakafuata walivyopanga foleni. Kikombe cha mwisho kilikuwa cha maziwa ya Kahawa, ng'ombe wa Mama Sekela mwenyewe: 11.

— Kuna mtu ng'ombe wake anatoa maziwa yenye dawa?

Hakuna aliyeinua mkono.

— Yangu safi, alisema Mwenyekiti, na naapa alisema kweli kadiri alivyojua.

Mama Sekela akachemsha kila kikombe kivyake. Akapoza. Akachukua kibuyu, kijiko kimoja kikombe hiki, kijiko kimoja kile. Kwenye kikombe cha kumi na moja nilisikia kijiko kikikwaruza chini ya kibuyu. Miaka thelathini na moja, na sasa kitupu. Mimi ni mtu mzima mwenye watoto wanne, na nilitaka kulia.

10. NG'OMBE WA MWENYEKITI, JINA LAKE WAZIRI

Nina chuchu nne na damu moja.

Jumapili chuchu yangu ya nyuma kushoto ilivimba ikawaka moto. Mzee akanunua vibomba, akaniingizia kimoja kila asubuhi kwa siku tatu. Mkono wake mpole, simlaumu. Huku kwetu chuchu moja ni ya ndama, hata mwenye shida haikamui. Mzee akasema, basi hii iliyotiwa dawa ndiyo iwe ya ndama, na hizi tatu nzima ziende kituoni. Akakamua tatu. Hakuiba hata tone la ile ya nne.

Ndama wangu akaharisha.

Kuhusu damu yangu, inapita wapi na wapi, hakuna aliyeniuliza.

12.

(Ya kumi na moja ilikuwa majina ya waliohudhuria. Sasa ni dimbwi la bluu.)

Ijumaa. Hobokela naye alikuwepo. Juu ya meza: daftari langu likiwa wazi, muhuri wa kikundi, na vikombe kumi na kimoja vimefunikwa vipande vya jani la mgomba. Mwenyekiti alikuwa ameshanyoosha mkono apokee ufunguo wa jiko.

— Subiri, baba, alisema Mama Sekela. Naanza na mimi mwenyewe.

Akafunua namba kumi na moja, akakipindua mdomo chini, juu ya daftari langu. Nikapiga kelele.

Halikudondoka tone.

Mtindi ulikuwa umeshika kikombe. Mweupe, mzito, umetulia humo kichwa chini.

Kumi. Umeshika.

Tisa. Umeshika.

Nane.

Saba. Hapo watu wakaanza kuhesabu naye.

SITA!

TANO!

NNE! TATU!

MBILI!

Kikabaki kimoja. Watu wakaacha kuhesabu. Mama Sekela alikishika kikombe lakini hakukipindua, akamtazama Mwenyekiti kwanza, kwa heshima zote.

— Pindua tu, mama, alisema Mwenyekiti. Yangu safi.

Akapindua.

ma
         zi
   wa
                  me
            za
                           ni

                 mapajani

      kwenye muhuri

                                    chini

13.

— Chuchu moja tu! Mwenyekiti alikuwa amesimama, suruali inachuruzika. Waziri nimemtibu chuchu moja! Hiyo nimemwachia ndama. Hizi tatu ni nzima kabisa, daktari, nimezikamua kwa mikono yangu mwenyewe!

Hobokela hakupandisha sauti.

— Baba, chuchu ni nne. Damu ni moja.

— Mwee, alisema mtu nyuma.

— Na ndama naye hakustahili kunyonya dawa, akaongeza Hobokela. Karatasi ya dawa unayo?

Alikuwa nayo, mfukoni mwa koti, imekunjwa mara nyingi. Alipoikunjua ikamwaga ugoro. Tangu Jumapili alikuwa amefungia ugoro wake humo. Nikapewa nisome kwa sauti, nami nikasoma huku nikipiga chafya:

«…maziwa ya chuchu ZOTE yasitumiwe na binadamu wakati wa matibabu na kwa saa 72 baada ya kibomba cha mwisho.»

Sasa mpe mtu haki yake. Mwenyekiti angeweza kusema macho yake hayaoni maandishi madogo, ni kweli hayaoni. Angeweza kufunga kikao. Alivua kofia.

— Mama Sekela, nimekukosea mbele za watu. Nakuomba radhi mbele za watu.

— Ndaga, baba, asante. Nimepokea. Sasa niletee kibuyu.

Alikileta yeye mwenyewe, Mwenyekiti, kwa mikono miwili. Mama Sekela akachota kijiko kutoka kila kikombe kilichoganda, kumi kwa kumi, akarudisha mbegu nyumbani kwake. Vigelegele vilivyopigwa hapo viliwatoa watu mashambani. Nilifurahi mpaka nikasahau kwamba daftari langu linaelea.

14. TANGAZO
(pale pale mlangoni, la zamani limebanduliwa)

KUANZIA LEO:

Ng'ombe anayetibiwa afungwe kitambaa chekundu mkiani.

Maziwa yake, chuchu zote nne, pamoja na ile ya ndama, yamwagwe mpaka siku zilizoandikwa kwenye karatasi ya dawa ziishe. Ndama atafutiwe maziwa mengine.

Asiyeona maandishi madogo asomewe. Siyo aibu.

Karatasi ya dawa isifungiwe ugoro.

Kabla ya kumimina kwenye debe, kikombe kimoja kwa kila mtu. Mpimaji ni Mama Sekela. Sufuria kubwa, mwiko na ufunguo wa jiko viko kwake na vitabaki kwake.

Hakuna rufaa dhidi ya kikombe.

Sahihi ile ile.

15.

Ungedhani imeisha. Miezi miwili baadaye Kahawa, ng'ombe wa Mama Sekela, aliamka na kiwele kimevimba.

Akamtibu. Akamfunga kitambaa chekundu mkiani, wapita njia wote wakakiona. Siku tatu za dawa alimwaga maziwa. Siku tatu za kusubiri alimwaga. Siku ya saba alikuja kituoni na kikombe chake, akakiandika kwa mkaa 11, akakiweka pamoja na vingine, akavifunika vyote na blanketi.

Foleni ya ndoo ina mdomo, unaijua. Mmoja akasema mpimaji hawezi kujipima. Mwingine akasema angalau angesubiri wiki nzima. Maneno yakamfika.

Kesho yake asubuhi akatuita wote mezani.

— Cha kwangu sipindui mimi, alisema. Apindue Mwenyekiti.

Nilikuwa nimefungua daftari hili jipya kwenye ukurasa huu, ukiwa bado mweupe. Nikalivuta haraka. Mtu huumwa na nyoka mara moja. Mama Sekela akaweka kiganja chake juu yake.

— Liache hapo, katibu.

Mwenyekiti akavua kofia. Akakiinua kikombe namba kumi na moja kwa mikono miwili, akakileta mpaka hapa, katikati ya ukurasa, hapa hapa macho yako yalipo sasa. Mama Sekela peke yake alikuwa anatabasamu.

Akakipindua, na



Gusa ukurasa.