Kondakta Hajaridhika

Asubuhi ile Desmond Ollerenshaw alimimina maziwa kando ya kikombe, yakatapakaa mezani, naye akacheka akasema kikombe kimesogea. Noreen mkewe akafuta meza huku akicheka pia. Ndoa ikishakuwa ya miaka mingi mtu huachia mengi yapite. Wakavaa sare zao za buluu, wakafunga mikate yao ya jibini na achari, Noreen akashika usukani, wakaenda kujitolea kwenye makumbusho ya tramu, yale mabasi ya zamani ya ghorofa yaliyopita juu ya reli, kama walivyokwenda kila sikukuu ya Agosti tangu Desmond astaafu.

Makumbusho yako kilimani, ndani ya machimbo ya mawe ya zamani, na reli inateremka mpaka kwenye kijimtaa chenye baa na duka la peremende. Hapo chini watu hukatiza reli wapendavyo, aiskrimu mkononi hata kama mvua inanyesha, maana sikukuu ni sikukuu. Desmond anaendesha, Noreen ndiye kondakta wake. Na kazi hiyo ina sharti moja lisilo na mjadala: dereva haondoi tramu mpaka kondakta apige kengele mbili kutoka nyuma. Moja, simama. Mbili, twende. Bila hizo mbili, hata mfalme akipanda atakaa hapohapo.

Safari ya kwanza Noreen alikuwa ghorofani, kiti cha mbele kabisa, akikata tiketi. Akatupa jicho chini. Mwanamke mwenye koti la mvua la kijivu alikuwa anavuka reli akisukuma kigari cha mtoto, kichwa ameinamisha kwa sababu ya manyunyu. Noreen akasubiri kusikia breki, lakini breki hazikulia. Tramu haikupunguza mwendo hata kidogo. Mwanamke aligeuka, akakivuta kigari nyuma kwa nguvu zake zote, akaanguka kitako kwenye mawe, na tramu ikapita mbele ya pua yake.

"Mshenzi we, huoni?" sauti yake ikawafikia mpaka ghorofani.

Noreen alishuka ngazi. Tramu ilipofika mwisho wa reli na abiria wakateremka, alikwenda moja kwa moja mbele, kwenye kijukwaa cha dereva.

"Des, yule mwanamke."

"Mwanamke gani?"

Noreen akamtazama usoni. Hakuwa anatania. Maskini ya Mungu, mtu mzima alikuwa anasubiri aambiwe ni mwanamke gani.

"Mwenye mtoto. Nusura umuue."

Desmond akaupapasa mpini wa shaba wa kuendeshea, akasema polepole, "Jicho la kulia lilikufa tangu Krismasi. La kushoto ni ukungu. Siku za jua nafuu kidogo."

"Tangu Krismasi? Nalala na wewe kitanda kimoja, Desmond."

"Ningekwambia ungenizuia."

"Kumbe unajua."

Noreen alikasirika mpaka masikio yakamwaka moto. Si kwamba mumewe haoni, la. Alichokasirikia ni kufanywa mjinga kwenye meza yake mwenyewe, kufuta maziwa na kucheka. Lakini alipoiona mikono ya mumewe juu ya ule mpini, hasira ikachanganyika na huruma, akashindwa kuitoa yote. Tramu hii Desmond na wenzake waliikuta shambani imegeuzwa banda la kuku. Miaka na miaka alikwangua mavi ya kuku, akabadilisha mbao moja moja, akapaka rangi. Kuna majirani waliokuwa wakimwuliza Noreen kama kweli ana mume.

"Mwezi ujao tunapimwa macho," Desmond alisema. "Watanitoa, hilo najua. Niachie leo tu, Nory. Safari ya saa nane, basi. Reli hii naijua hata usingizini."

"Reli unaijua. Na watu je?"

"Nitakwenda taratibu. Au usimame hapa na mimi, uniambie."

"Nikishakwambia 'mtu', utakuwa umeshamfikia."

"Mke wangu. Safari moja tu."

Mtaani watu walikuwa wamejitenga na reli baada ya kelele zile, na kupanda kilima hakuna mtu njiani, kwa hiyo walirudi juu salama, Noreen kaganda nyuma na kamba ya kengele mkononi. Njia nzima aliwaza amwambie nani. Inspekta wa siku hiyo, msimamizi wa safari zote, alikuwa Trevor Pask, mtu mwema ila mdomo wake hauna breki. Ukimwambia Pask saa saba, ikifika saa nane na robo wauza chai wote wanajua kwamba Ollerenshaw amewaendesha watu akiwa kipofu. Kwa hiyo hakumwambia. Desmond naye akauchukua ule ukimya kuwa ndiyo, akala mkate wake kwa furaha kabisa, na Noreen akashindwa kula wake.

Saa nane mvua ikazidi. Basi la wastaafu kutoka mji wa Rotherham likamwaga watu wake wote kwenye tramu, wakajaa chini na juu, wakikung'uta miavuli na kutaniana. Kutoka pale kilimani kijimtaa kilionekana kimejaa watu, makoti ya kijivu yakipita huku na huku juu ya reli. Mbele, Desmond alinyoosha mgongo, akaweka mkono kwenye mpini. Nyuma, Noreen alikamata kamba.

Hakupiga.

Watu wakakaa. Wakaendelea kukaa. Mzee mmoja mnene aliyeitwa Royston, msemaji wa kundi zima, akageuka kwenye kiti chake.

"Kondakta, vipi? Farasi hawajala?"

Wakacheka. Noreen akacheka nao kidogo.

"Noreen," Desmond aliita kutoka mbele, bila kugeuka. "Mbili."

Noreen alijua akifungua mdomo atalia, na akilia atapiga, kwa sababu hajawahi kumnyima mtu yule kitu katika maisha yao yote.

"Dada, niongeze nauli ndio tuondoke?" Royston akasema, na wenzake wakaanza kupiga sakafu kwa miavuli. Mbili, mbili, mbili. Akaona utani umekolea, akainuka, akaunyoosha mkono kwenye kamba inayopita juu ya vichwa vyao. "Ngoja nikusaidie, mama."

Noreen akaruka hatua moja, akaukamata ule mkono kwa kucha.

"Ukigusa kamba hii nitakuteremsha wewe na mwavuli wako."

Miavuli ikaacha kupiga sakafu. Royston akakaa chini akijisugua mkono, akamnong'oneza mwenzake kwamba bibi huyu ana kichaa. Noreen alisikia na hakujali. Alikuwa anaangalia mgongo wa mumewe kule mbele, kupitia vioo viwili. Mabega yale yaliyokuwa yamenyooka yalikuwa yameanza kushuka. Desmond alikwishaelewa.

Pask akaja mbio na koti lake refu la buluu, maji yanamtiririka kofiani.

"Jamani, tumechelewa. Kuna nini, Noreen?"

Mbele ya watu wote wale alikuwa na maneno matatu tu ambayo hayakuwa uongo wala usaliti, maneno ya kazini, ambayo kondakta akiyasema halazimiki kutoa sababu.

"Kondakta hajaridhika, Inspekta."

Pask akakunja uso. Kwa maneno hayo tramu haiondoki, hata yeye hana la kufanya. Akatembea ubavuni mwa tramu mpaka karibu na kijukwaa cha mbele, akaishia hatua chache nyuma ya nguzo ya kituo. "Na dereva anasemaje?"

Noreen alishuka upande wa nyuma, akaja nje kwa nje akishikilia vyuma, maana alitaka kuwa karibu naye, lolote litakalotokea.

Desmond aliuzungusha mpini mpaka mwisho, akauchomoa, akaufuta kwa leso yake. Kisha akainama, akautoa nje kwa heshima, akaukabidhi kwa nguzo. Nguzo ya chuma, ndefu, ya rangi ya buluu kama koti la Pask. Alikuwa anaitabasamia.

Pask aliona. Royston aliona dirishani, akavua kofia. Hakuna aliyecheka, na ule mkono ulikuwa bado umenyooshwa kwenye mvua, ukianza kuchoka.

Noreen akajipenyeza kati ya nguzo na mumewe, akaupokea.

"Asante, Pask," Desmond alisema. "Na usimlaumu Noreen, tafadhali. Angepiga mbili ningeondoka, na yeye anajua ningeondoka." Akajifuta macho kwa leso ileile. "Usimwambie mtu kwamba nimelia. Hasa yeye."

Noreen akaubana mdomo asije akajulikana. Akaitikia kwa kichwa, akasimama pale na mpini mikononi mpaka Desmond alipogeuka kutafuta ngazi.