Nyumba Iliyojipanga kwa Uzito

Jumamosi asubuhi pasi, sufuria na funguo zote zilikutwa zimerundikana katikati ya sebule. Vyombo vya udongo vilizizunguka, na mito ya kochi ilikuwa imejibandika ukutani. Mhadhiri wa sayari alikuwa katikati, juu ya sufuria. Mkewe alikuwa ukutani na mapazia, anakoroga chai.

“Imejipanga kama sayari,” alisema mkewe. “Kizito ndani, chepesi nje.”

Wiki hiyo makala ya mhadhiri ilikuwa imetoka. Ilidai kwamba nje ya sayari nguvu ya uvutano ni ileile tunayofundishwa shuleni, ila ndani ya mwamba hubadilika, kwa hiyo huenda kiini cha chuma si kikubwa kama tunavyodhani. Wazo na hesabu vilikuwa vya mkewe, mwalimu wa matetemeko ya ardhi. Idarani kwao mtu na mkewe hawakuandika pamoja, eti ni kubebana, basi wakakubaliana liwekwe jina la mke. Mhadhiri akaituma kwa jina lake. Mkewe alishukuriwa mwishoni, kwa uvumilivu. Uvumilivu, jamani!

Mchana mkuu wa idara alikuja kutoa hongera. Kwa nje nyumba haikuwa na neno.

“Shemeji, vua mkanda,” mke alimwambia mlangoni. “Hicho chuma kitakupeleka katikati.”

Mkuu akavua, akaketi ukutani, akapokea chai.

“Enhe, bwana mkubwa! Wazo hili ulilitoa wapi?”

Mhadhiri alimtazama mkewe. Mkewe naye alimtazama, akangoja. Lilihitajika jina moja tu. Uso ukamwaka moto kwa aibu.

“Lilinijia tu,” alisema.

Sakafu ya saruji ikampokea hadi magotini. Mkuu akasogeza kikombe chake kisipate vumbi, akasifu akili za vijana wa siku hizi, akaaga.

“Jumatatu nitamwambia ukweli,” mhadhiri alisema walipobaki wawili.

“Si alikuwa hapa sasa hivi?”

Mhadhiri alitamani mkewe amtukane, apige kelele, avunje hata kikombe. Mkewe alivuta karatasi na penseli, akaendelea na hesabu za makala ya pili. Baadaye akauliza, bila kuinua kichwa:

“Na hii, niandike jina la nani?”

Mhadhiri alijionea haya hadi machozi yakamlengalenga.

“Andika langu,” alisema, akazama hadi kiunoni.