Beseni la Nakundwa

Usiku wa kuamkia leo, nikiwa nimelala nyumbani kwa kaka yangu hapa Same, niliota ninafundisha. Kwa mwalimu hiyo si ndoto, ni kazi isiyolipwa, kwa hiyo sikushtuka.

Somo lilikuwa lile lile nililofundisha jana asubuhi Kidato cha Pili: "make up your mind", yaani kukata shauri. Kanuni yake ni nyepesi. Anayekata shauri na mwenye shauri lazima wawe mtu mmoja: I na my, she na her. Jana binti mmoja alisimama akatunga sentensi kwamba shangazi yake "made up my mind", yaani shangazi ndiye aliyekata shauri la binti. Nikamwambia haisemwi hivyo. Akauliza, "Na kama ndivyo ilivyotokea, Mwalimu?" Nikamjibu kwamba hata kama ndivyo ilivyotokea, Kiingereza hakiruhusu. Darasa likacheka, nami nikajiona nimefundisha.

Katika ndoto ubao unakohoa.

"Mwalimu," unasema, "hapa katikati umeacha tundu."

Ni kweli. Kati ya "make up" na "mind" pana tundu linalotosha mtu mzima.

"Ingia. Anayetenda ndiye anayeingia."

Nakunja sketi, naingia. Natokea uani kwa kaka yangu, na wageni wa posa wamekwisha kaa.

Hili la posa halikuwa la ndotoni. Leo asubuhi wazee wa kijana Mbonea walikuwa waje kuchukua jibu kuhusu Nakundwa, mtoto wa kaka yangu. Katika ukoo wetu baba hamuulizi bintiye jambo kama hilo. Shangazi ndiye anayeingia chumbani, anauliza, anatoka na jibu. Binti akinyamaza, amekubali. Jana jioni Kaka Niwaeli aliniambia, "Dada, usikae sana humo ndani. Ingia, toka, sema ndiyo, watu wapate kula." Nikamwambia aondoe shaka. Mbonea ni kijana mzuri, ana heshima na nyumba yake ina bati. Nakundwa nimembeba mgongoni tangu mchanga, sikuona cha kumuuliza.

Basi, uani. Mshenga wao ni chupa ya chai nyekundu iliyovaa koti. Kaka anaipa kiti chenye mto.

"Tumekuja kuchukua jibu," inasema, mvuke ukiitoka.

Naelekea chumbani. Mlangoni, juu ya kigoda, ameketi Her. Ni mfupi, herufi tatu tu, ana viatu vya mvua na kofia ya mgambo.

"Unakwenda kukata shauri la nani?"

"La Nakundwa."

"Wewe ndiye Nakundwa?"

"Mimi ni shangazi yake."

"Sijauliza ukoo. Shauri la Nakundwa linapita kwangu, na mwenyewe yumo ndani. Wewe una My wako, yule pale."

My amekaa juu ya gunia, amenenepa, anahema.

"Umenilisha kupita kiasi," ananiambia. "Kaka yangu, mtoto wangu, uamuzi wangu. Hata mkanda haufungi."

Nawapita wote wawili. Mimi ni mtu mzima, na wageni wanangoja.

Ndani, Nakundwa amekaa mkekani. Mbele yake kuna beseni la bluu lenye unga mkavu. Hilo ndilo shauri lake. Hakuna aliyeniambia, lakini najua.

"Nipishe, mwanangu," namwambia, kisha natia maji, nakanda. Mikono yangu ina haraka na uzoefu. Donge linalainika vizuri kabisa. Nalibeba mpaka uani, nasimama mbele ya wageni niseme "Amekubali."

Kinywa kinasema, "Nimekubali."

Vigelegele vinapigwa. Watu wananifunika kanga mbili. Mbonea anasogea na suti yake, anainama.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

"Ndiyo tumeoana hivyo?"

"Inaelekea."

Mume wangu, Baba Tumaini, yumo miongoni mwa wageni na soda yake mkononi. Namtazama aseme neno.

"Mimi sina pingamizi," anasema. "Ila leo nani atapika?"

Hapo niliogopa. Sikumwogopa Mbonea, ambaye hata ndotoni alikuwa na adabu zake. Niliogopa kuona jambo linavyokwenda mbio, watu wote wana furaha, na hakuna hata mmoja aliyenigeukia kuniuliza mimi ninasemaje. Nikazitupa kanga, nikarudi mlangoni.

"Nifanyeje?" namuuliza Her.

"Muulize."

"Akinyamaza?"

Nyuma ya mlango anainuka Kimya, mama mmoja mwembamba mwenye kilemba cheupe. Amekasirika.

"Mimi sijawahi kusema ndiyo," anasema. "Tangu enzi za bibi zenu mnanitolea jibu, na sijapata kufungua mdomo."

"Basi utasubiri," Her ananiambia.

"Wageni wanangoja."

"Wageni wana soda."

Anasogeza kigoda, napita. Ndani, unga ni mkavu tena, kana kwamba sikuugusa. Nakaa chini. Nakunja mikono yangu kwapani, maana naijua.

"Nakundwa, mama. Wewe unasemaje?"

 Anatia maji kidogo, anakanda polepole, anaongeza unga, anakanda tena. Inaniuma kumtazama, kwa sababu mimi ningekuwa nimekwisha maliza. Hatimaye anainua uso, anafungua mdomo.

Jogoo wa kaka akawika, nikaamka.

Nilibaki kitandani kidogo nikijicheka. Kuolewa uzeeni, tena mshenga akiwa chupa ya chai! Kisha nikajifunga kanga, nikaenda jikoni kutafuta maji ya moto.

Nakundwa alikuwa amechuchumaa, akikanda unga wa chapati za wageni katika beseni la bluu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Salama." Hakuinua uso. Aliendelea kukanda, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ila shangazi, mbona uliondoka? Nilikuwa karibu kusema."

Nikiwa macho, sikuwa nimemuuliza lolote.

Uani kaka alikuwa anaita. "Dada! Wamepiga simu, wameshatoka Mwanga! Niwaambie nini?"

"Wape soda!" nikamjibu.

Nikarudishia mlango, nikavuta kigoda, nikaketi na mikono yangu kwapani.